Kelpi na hali ya bahari: mwongozo kamili wa kuchunguza eneo, kuotesha miche na kupima ukuaji

Aliyezoea mwani mwekundu wa maji ya joto, ule unaokatwa vipande, ukafungwa kwenye kamba na kila kipande kikawa mmea, atapata taabu na kelpi, mwani mkubwa wa kahawia wa maji baridi, tangu siku ya kwanza. Kipande cha jani la kelpi hakioti. Ukikifunga kwenye kamba kitakaa siku kadhaa, kitaanza kulika pembeni, kisha kitakwenda na maji. Kelpi lazima izaliwe, na kuzaliwa kwake kuna masharti mengi kuliko kukua kwake.

Hilo ndilo jambo la kushika kabla ya kununua hata mita moja ya kamba. Kelpi ina madirisha matatu: hali inamoweza kuishi, hali inamoweza kukua, na hali inamoweza kuzaa. La kwanza ni pana, la pili ni jembamba kidogo, la tatu ndilo jembamba kuliko yote. Watu wengi hupima la kwanza, wakaona kelpi iko hai, wakadhani eneo ni zuri. Msitu wa kelpi unaweza kusimama mwaka mzima ukipendeza macho ilhali chini yake hakuna mtoto hata mmoja aliyeshika mwamba.

Hatua ya kwanza: jua unashughulika na viumbe wawili

Kelpi tunayoiona, yenye kishikizi mwambani, bua na majani marefu, ni sporofiti. Kelpi kubwa kuliko zote, Macrocystis pyrifera, hufika mita 45 na zaidi, na hali ikiwa nzuri kabisa huweza kurefuka takriban nusu mita kwa siku moja. Kelpi hii hutoa spora, yaani chembe za uzazi, zenye mikia miwili, ndogo mno, za mikroni chache tu. Spora huogelea saa kadhaa, pengine siku kadhaa, kisha hutua na kugeuka gametofiti: kiumbe cha pili, dume au jike, kisichoonekana bila hadubini.

Gametofiti jike hutoa yai, na yai hilo hutoa kemikali iitwayo lamoksireni. Dume likiipata harufu hiyo hufyatua mbegu zake ndani ya sekunde chache. Tatizo ni umbali: mawasiliano haya hufanya kazi ndani ya milimita moja hivi. Kwa hiyo spora zikitua zikiwa zimetawanyika mno, madume na majike huishi na kufa bila kukutana. Kwa Macrocystis, watafiti waliona kwamba lazima ipatikane angalau spora moja kwa kila milimita ya mraba ya mwamba ndipo watoto watokee. Kelpi tano zilizobaki peke yake kwenye ghuba kubwa, basi, ni kelpi tano tu. Usizihesabu kama chanzo cha msitu mpya.

Ugumu wa viumbe hawa wawili haulingani. Gametofiti huvumilia giza kwa miezi, na huhimili joto la nyuzi kadhaa zaidi ya mzazi wake. Lakini kuvumilia si kuzaa. Ikikosa mwanga wa buluu, au madini ya chuma, au maji yakiwa na joto kupita kiasi, hubaki ilivyo, ikisubiri.

Hatua ya pili: pima joto mahali kelpi itakapokaa

Ningeruhusiwa kifaa kimoja tu, ningechukua kipimajoto kinachojirekodi chenyewe. Kifunge kwenye kina kilekile unachokusudia kutumia, si juu ya maji, kirekodi kila saa kwa mwaka mzima. Joto la juu ya maji linadanganya. Mara nyingi maji ya mita 10 chini yana nyuzi tatu au nne pungufu, na kuna siku mawimbi ya ndani ya bahari huleta maji baridi chini huku juu kukiwa shwari.

Ukipata takwimu zako, achana na wastani wa mwaka. Tafuta mambo matatu: joto la juu kabisa lilikuwa kiasi gani, ni siku ngapi mfululizo maji yalipita nyuzi 18 na nyuzi 20 za Selsiasi, na ni miezi mingapi yalikaa chini ya nyuzi 15. Kelpi ya sukari, Saccharina latissima, ambayo ndiyo inayolimwa zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini, hukua vizuri kati ya nyuzi 10 na 15. Ikipita 18 huanza kutaabika, na wiki kadhaa za nyuzi 20 na zaidi zinaweza kuimaliza. Kupanda kwa joto kwa siku mbili haitishi sana. Kinachoua ni siku kuunganika.

Mfano wa wazi ni Australia Magharibi. Mwaka 2011 wimbi la joto la bahari lilipiga pwani ile, na kelpi aina ya Ecklonia radiata ikatoweka kwenye takriban kilomita 100 za pwani upande wa kaskazini wa eneo lake. Joto liliposhuka baadaye, kelpi haikurudi. Mwani mfupi wa kutambaa ulikuwa umeshatanda juu ya mwamba, samaki walao mwani wa maji ya joto wamehamia, na spora hazikupata pa kutua. Kwa hiyo unapotathmini eneo, usiulize tu kama joto limerudi kawaida. Uliza nani amekalia mwamba.

Kwa upande mwingine, latitudo peke yake isikukatishe tamaa. Pwani ya Dhofar nchini Oman iko ndani ya tropiki, lakini Ecklonia radiata huota huko. Pepo za monsuni za kusini-magharibi zinapovuma katikati ya mwaka husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kina hupanda kujaza nafasi. Kelpi huifuata baridi popote ilipo, hata kama ramani inasema ni nchi ya jua.

Hatua ya tatu: tazama joto na naitreti kwa pamoja

Hapa ndipo wanaoanza hupotea zaidi. Wanaona kelpi imedhoofu wakati wa joto, wanalaumu joto, kumbe ilikuwa njaa. Maji baridi yanayopanda kutoka kina hubeba naitreti, chumvi yenye naitrojeni ambayo ni chakula cha kelpi; maji ya joto yaliyokaa juu muda mrefu yamekwisha kunyonywa na vijimea vidogo vya baharini. Kusini mwa California uhusiano huu ni wa karibu kiasi kwamba maji yakipita nyuzi 16 hivi, naitreti inakuwa karibu sifuri. Huko kipimajoto ni kipima chakula pia. Kila pwani ina kiwango chake, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama ilivyo. Chukua sampuli za maji mara mbili kwa mwezi, zipime naitreti, uzipange kando ya joto la siku ileile. Baada ya msimu mmoja utakuwa na mchoro wako mwenyewe.

Kwa Macrocystis, naitreti ya mikromoli 1 hadi 2 kwa lita ndiyo mpaka wa kukua kwa kuridhisha. Akiba yake ya naitrojeni haizidi wiki mbili au tatu. Aina kadhaa za Laminaria za Atlantiki ya kaskazini hujiwekea akiba wakati wa baridi, wakati naitreti ni nyingi na mwanga ni hafifu, kisha huitumia masika kwa hadi miezi miwili. Ndiyo maana ukame wa naitreti wa mwezi mmoja unaweza kuangusha aina moja ya kelpi huku nyingine ikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kama huna maabara, tazama rangi. Jani lililoshiba naitrojeni ni la kahawia iliyokolea, karibu na chokoleti. Lenye njaa hupauka likawa la manjano. Mwenye maabara apeleke kipande kikavu: naitrojeni ikiwa karibu na asilimia 1 ya uzito mkavu, kelpi ina njaa, ikizidi asilimia 2, haina shida. Tahadhari moja tu: jani lililo juu kabisa, linalopigwa na jua kali, hupauka hata likiwa limeshiba. Linganisha majani ya kina kimoja.

Hatua ya nne: mwanga

Teremsha sahani nyeupe ya Secchi mpaka ipotee machoni, uandike kina. Zidisha kwa mbili na nusu hadi tatu. Hapo ndipo mwanga unapobaki takriban asilimia 1 ya ule wa juu, na huo ndio mpaka wa chini wa kelpi kubwa. Sahani ikipotea kwenye mita 6, mpaka wako ni mita 15 hadi 18. Rudia baada ya mvua na baada ya dhoruba, maana siku chafu ndizo zinazoamua.

Mwanga mwingi nao una madhara. Spora na miche michanga huungua kwa miale ya urujuanimno, kwa hiyo kamba iliyopandwa haifai kukaa juu ya maji siku za mwanzo. Mita 2 hadi 3 chini ni salama, kisha unaweza kuipandisha.

Urefu wa siku una neno lake pia. Siku fupi huichochea kelpi ya sukari na jamaa zake kutengeneza viraka vya spora, na ndiyo sababu vipevu hupatikana kwa wingi majira ya vuli. Laminaria hyperborea huanza kuotesha jani jipya katikati ya baridi, gizani, kwa sukari iliyojiwekea kiangazi. Mgeni akiiona inakua mwezi wa kwanza wa mwaka hudhani amekosea tarehe.

Hatua ya tano: mwendo wa maji

Kila jani limezungukwa na ngozi nyembamba ya maji yaliyotulia, na naitreti lazima ipenye ngozi hiyo. Maji yakisimama, ngozi hunenepa na kelpi hufa njaa ikiwa katikati ya chakula. Mkondo wa sentimita chache kwa sekunde unatosha kuivunja. Usipime wakati wa bamvua tu, maji yanapokwenda kasi. Pima wakati wa maji mafu pia, kwa sababu hizo ndizo siku za njaa.

Njia rahisi ni ya plasta. Finyanga vipande vya plasta ya Paris vyenye uzito sawa, vikaushe, vipime, vitundike sehemu mbalimbali za eneo kwa saa 24, kisha vikaushe na kuvipima tena. Kipande kilichopungua zaidi kilipata maji yaendayo zaidi. Hakikupi kasi kamili, lakini kinakuonyesha kona iliyolala.

Umbo la kelpi lenyewe ni ushahidi. Penye mawimbi makali majani huwa membamba, bapa na mazito; penye utulivu huwa mapana, yamejikunja pembeni kama marinda. Ukikuta marinda mengi, jiulize kama mkondo unatosha. Ukikuta vishikizi vimeng'olewa na vipande vya mwamba bado vimeshikamana navyo, jiulize swali la kinyume.

Hatua ya sita: chumvi, tope na walaji

Chumvi ni jambo jepesi kwenye bahari ya wazi: kelpi nyingi hupenda sehemu 30 hadi 35 kwa elfu. Karibu na mto, maji matamu huelea juu. Msimu wa mvua, basi, shusha kamba chini zaidi.

Tope linahitaji subira zaidi. Tabaka jembamba ambalo kelpi kubwa hailihisi linatosha kufunika gametofiti au kuizuia spora isishike. Weka vigae safi chini kwa wiki mbili, kisha pitisha kidole. Kidole kikiacha mfereji, usitegemee kelpi izae hapo yenyewe, hata kama miche uliyoileta kwenye kamba itakua vizuri.

Walaji wakuu ni urchini, wale wa mviringo wenye miiba. Kaskazini mwa California wimbi la joto lililoanza mwaka 2014 lilikuja wakati ugonjwa ulikwisha kufyeka kiti cha pweza mkubwa (nyota wa baharini), Pycnopodia helianthoides, ambaye chakula chake ni urchini. Joto liliidhoofisha kelpi ya Nereocystis luetkeana, urchini wa zambarau wakakosa wa kuwala, na zaidi ya asilimia 90 ya kelpi hiyo ikapotea kwenye takriban kilomita 350 za pwani. Ubaya ni kwamba urchini hafi kwa urahisi msitu ukiisha. Hukaa miaka na njaa yake, akimalizia kila mche unaochomoza. Kwa hiyo wahesabu urchini kabla ya kuhesabu kelpi: wakiwa wametoka kwenye nyufa na kutembea wazi juu ya mwamba, chakula kimewaishia, na mche wowote utakaoshusha ni mlo wao. Kamba inayoelea mbali na sakafu huwakwepa. Kurudisha kelpi mwambani kunataka waondolewe kwanza.

Hatua ya saba: kuotesha miche

Chukua viraka vya spora kutoka pwani ileile unayopanda, kwa wazazi wengi, si mmoja wala wawili, na uhakikishe una kibali. Kwenye kelpi ya sukari, kiraka kilichopevuka huonekana katikati ya jani: kimekolea rangi na kimeinuka kidogo ukipapasa. Kwenye Macrocystis tafuta majani maalumu ya uzazi karibu na kishikizi. Kwenye Nereocystis viraka hudondoka vyenyewe sakafuni, kwa hiyo wahi.

Kata kiraka, kifute kwa karatasi laini, kichovye kwa nusu dakika kwenye maji ya bahari yenye aidini kidogo, kisuuze. Kizungushie karatasi kavu, ukilaze usiku kucha mahali pa giza penye nyuzi 10 hivi. Ukavu huu ndio ufunguo. Asubuhi ukikitumbukiza kwenye maji ya bahari yaliyochujwa na kuchemshwa, yaliyopozwa hadi nyuzi 10 au 12, spora hutoka kwa mkupuo, na ndani ya saa moja maji hugeuka rangi ya chai hafifu. Tazama kwa hadubini. Spora nzuri zinakwenda mbio huku na huku. Zikiwa zimetulia, kiraka kilikuwa kichanga au umekiacha kikakauka mno; tupa, anza upya. Kiraka kisikae majini muda mrefu, kwa sababu ute wake huharibu kila kitu.

Chuja, kisha mimina juu ya uzi mwembamba uliozungushiwa bomba la plastiki, kwa wingi wa spora 5,000 hadi 10,000 kwa mililita. Acha saa 24 bila kutikisa, kwenye mwanga hafifu. Baada ya hapo mwanga uanze na mikromoli 20 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde, upandishwe polepole hadi 50 au zaidi, saa 12 taa na saa 12 giza. Usisahau giza. Mayai hutolewa zaidi ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya taa kuzimwa, kwa kuwa mwanga wa buluu huyazuia yasitoke, ingawa mwanga huohuo ndio uliolipevusha jike. Taa za kuwaka usiku na mchana, ambazo wengi hudhani ni ukarimu, ni kizuizi.

Badilisha maji kila wiki, pamoja na mbolea ya maabara yenye naitreti, fosfeti na chuma. Diatomu, vijimea vidogo vya majini, wakitanda, dozi ndogo ya jemaniamu dioksidi huwazuia, ila isizidi wiki ya kwanza au mbili, maana nayo huidumaza kelpi. Baada ya siku 10 hadi 14 mayai huanza kuonekana. Wiki ya nne uzi huota manyoya ya kahawia. Kati ya wiki ya nne na ya sita miche huwa na milimita 2 hadi 5, tayari kwa bahari.

Je, bahari yenyewe haijawa tayari? Tangu mwanzo weka kando chupa moja ya gametofiti chini ya mwanga mwekundu. Zitanenepa bila kuzaa, kwa miaka ukitaka, na siku ukizihamishia mwanga wenye buluu zitaamka.

Hatua ya nane: kushusha, kupima, kuvuna

Shusha miche baharini wakati maji yako chini ya nyuzi 15 na yanaendelea kupoa. Safirisha uzi ukiwa umelowa, baridi na kivulini. Dakika chache za jua kali zinafuta kazi ya wiki sita.

Usipime ukuaji kwa urefu wa jani. Jani la kelpi ya sukari hukua chini, pale linapoungana na bua, na huku juu ncha inalika. Linaweza kukua sentimita 20 likapoteza 20, nawe ukaandika sifuri. Toboa tundu dogo sentimita 10 juu ya maungio hayo. Rudi baada ya wiki mbili. Tundu likiwa sentimita 24, jani limekua 14, yaani sentimita moja kwa siku. Fanya hivyo kwa majani 20 au 30 kila mara. Macrocystis haina ncha ya namna hiyo: hesabu mabua yanayofika mita 1 juu ya kishikizi, uyafunge alama.

Sasa weka tarehe za matundu kando ya joto, naitreti na mwanga. Ukuaji ukishuka jani likiwa la kahawia iliyokolea, tafuta kwenye mwanga au mkondo. Ukishuka na jani limepauka, ni njaa. Jani likilainika, likatoboka na kumeguka kuanzia ncha, joto limeshapita kiasi na hakuna marekebisho zaidi ya kushusha kamba au kuvuna.

Masika, maji yanapoanza kupata joto, kagua majani kila wiki. Siku utakapoona madoa meupe yenye nyavunyavu, hiyo ni Membranipora membranacea, mnyama atandaye juu ya jani kama lesi. Yeye huenea upesi joto likipanda, hulifanya jani livunjike kirahisi, na zao lililotanda hivyo halifai tena kwa chakula cha watu. Vuna wiki hiyohiyo, hata kama matundu yako yanakuambia bado kuna sentimita za kukua.